Manyoya Chini ya Sakafu

Watu wa Nakuru mjini husema wanaijua baridi. Waache waseme. Baridi ya Nakuru ni ya kuvaa sweta ukaendelea na shughuli zako, lakini baridi ya Molo hukukalisha kitako ukajiuliza ni nani aliyekuleta huko. Na katika Molo yote, mwaka ule wa 1959, ingekuwa kazi kupata mahali pa baridi kuliko chumba cha Hiram Waithaka, fundi seremala wa shamba moja la kondoo. Chumba chenyewe kilikuwa juu ya gereji.

Gereji hiyo ilikuwa na milango miwili mikubwa ya mbao ambayo haikuwahi kufungika sawasawa tangu ijengwe. Ndani mlilala trekta na lori, mapipa ya petroli, na meza ya kazi ya Hiram upande wa ukutani. Dari haikuwapo. Ukiinua macho uliona boriti nene, na juu ya boriti mbao za sakafu ya chumba, basi. Upepo uliposhuka kutoka Mau uliingia kwa milango ile, ukazunguka trekta, ukapanda kwenye nyufa za mbao mpaka kitandani kwa Hiram. Na moto ulikuwa haramu. Mzungu mwenye shamba, ambaye wafanyakazi walimwita Kihara kwa sababu ya upara wake, alilisema neno hilo mara moja tu: juu ya petroli hakuwashwi hata kibiriti. Kwa hiyo Hiram alipika nje, karibu na ngazi, akala amesimama, kisha akapanda kulala na koti lake mwilini.

Mtu atauliza kwa nini hakupewa nyumba kama wenzake. Nyumba zilikuwapo, zile za safu kando ya mto, lakini zilikuwa zimejaa. Hiram mwenyewe alizaliwa katika mojawapo, baba yake akiwa mchungaji wa kondoo wa baba yake Kihara. Kisha ikaja Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, malori yakaja, na Wakikuyu wa Rift Valley wakarudishwa kwao, hata wale ambao hawakuwa na kwao kwingine. Hiram walimpeleka kambi ya kizuizini, akakaa huko miaka mitano. Aliporudi Molo na pasi ya kibali mfukoni, nyumba aliyozaliwa ilikuwa na mama mwingine, watoto wengine, na kuku wasiomjua. Hakuwachukia. Alianza tu kupita njia nyingine akienda kuteka maji.

Watu walimsalimia. Walimwita fundi, wakamletea majembe yaliyovunjika mipini, wakamshukuru. Lakini jioni ilipofika kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kuingia, na hakuna aliyegeuka kumwambia karibu. Mtu aliyetoka kambini, tena Mkikuyu, tena mnyamavu, watu walimpitia kando kama wanavyolipita dimbwi barabarani, bila ubaya wowote. Hiram alikuwa mpweke, na hakuna haja ya kulipamba neno hilo. Jioni alipanda juu, akakaa kitandani, akasikiliza. Kipsang, dereva wa trekta, alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akiliegesha trekta lake, wimbo uleule mmoja ambao hakuwahi kuumaliza. Mluzi huo ulipenya mbao pamoja na upepo. Hiram aliungoja kama watu wengine wanavyongoja chakula.

Alikuwa na mke. Wachuka alikuwa Murang'a, kwa kaka yake, kwenye pembe ya shamba aliyogawiwa kwa huruma. Hiram alipotoka kambini walikaa pamoja huko majuma machache, katikati ya wifi na watoto wa wifi, kila mtu akisikia kila mtu akigeuka kitandani. Ardhi hakuwa nayo huko. Kwa hiyo alikuja Molo kutafuta kazi, na wakapatana kwamba akipata mahali atamwita.

Hapo kuna jambo linalofaa kuelezwa. Kwa Wakikuyu, kama ilivyo kwa majirani zao wengi, mume na mke hawaitani kwa majina yao. Mtoto wa kwanza akizaliwa, wanalitumia lake. Binti yao alipozaliwa alipewa jina la mama yake Hiram, Wangeci, kama desturi inavyotaka. Tangu siku hiyo Hiram akawa Baba Wangeci, na Wachuka akawa Mama Wangeci. Majina mengine wakayaweka kando, kama nguo zisizowatosha tena.

Kisha Wangeci akafa. Alifia kijijini, kimojawapo cha vile vijiji vya kulazimishwa vilivyozungushiwa mtaro na miiba, akiwa bado hajang'oa jino, na baba yake yuko kambini. Hiram alipata habari siku aliyofunguliwa, kwa mdomo wa shemeji yake, wamesimama barabarani. Ni kifua, shemeji alisema, kisha akauliza kama ana njaa. Wachuka mwenyewe hakutamka neno. Hiram naye hakuuliza, maana aliona kwamba kuuliza ni kumwambia mwanamke yule, ulimwacha vipi afe. Sasa wangeitana nani? Kila mmoja alikuwa na jina moja tu kwa mwenzake, na jina hilo lilikuwa la marehemu. Basi hawakuitana kabisa. Ilikuwa wewe, ilikuwa sikia, au ilikuwa kukohoa tu. Watu wawili waliokuwa wameoana wakawa wanakoholeana kama wageni katika ofisi ya D.O.

Wachuka alikuja mara ya kwanza mwezi wa Juni. Hiram alimpokea stesheni, akamtua kiondo, akamwonyesha ngazi. Usiku huo mwanamke hakulala. Magoti yake yalikuwa yameharibika kwenye ule mtaro wa kijiji, ambao wanawake waliuchimba wakiwa wamesimama kwenye matope, na baridi ya Molo iliyajua magoti ya namna hiyo. Asubuhi Hiram alishuka kazini mapema. Aliporudi alimkuta amekaa kitandani, miguu ameikunja chini ya sketi, uso umesawijika. Alizungumza akiangalia mbao.

"Siwezi hapa," alisema. "Baridi ya hewani naijua. Hii inayotoka chini siiwezi. Ukipata mahali ambapo haitoki chini, nitakuja nikae."

Akaondoka kwa treni ya mchana. Hiram alirudi kwenye meza yake ya kazi, na ajabu ni kwamba moyo wake haukuwa mzito sana. Angeambiwa sikutaki angefanya nini? Angeambiwa sijakusamehe angeanzia wapi? Lakini alikuwa ameambiwa sakafu. Sakafu ni mbao, na mbao ndizo alizozijua.

Alianza na manyoya. Kila mara kondoo walipokatwa manyoya, yale mazuri yalifungwa marobota yakapelekwa stesheni, na yale ya tumboni na mkiani, machafu, yenye mavi na miiba, yakasukumwa pembeni ya banda. Hiram alimwomba Kihara hayo machafu. Mzungu alimtazama, akamwuliza ni ya godoro, akajibiwa ni ya sakafu. Akacheka mpaka upara ukawa mwekundu, kisha akamwambia achukue yote, maana panya walikuwa wameshaanza kuyagawana.

Jumapili baada ya Jumapili, wengine wakienda kanisani, Hiram alikaa mtoni akifua manyoya. Aliyaanika kwenye ua wa seng'enge, ukaonekana umeota mvi kutoka mwanzo hadi mwisho. Shamba zima lilipata burudani. Kipsang alipita na trekta, akapunguza mwendo.

"Fundi," alisema, "hiyo kondoo yako imetoroka ikaacha nguo?"

Lilikuwa neno la kwanza la utani ambalo mtu yeyote alimtupia tangu arudi. Hiram alikosa jibu. Alilipata baadaye, amelala, na akasikitika kwamba lilikuwa jibu zuri.

Manyoya yalipokauka, alikwenda kiwanda cha mbao cha Elburgon akaomba mabanzi, yale magamba ya magogo ambayo hutupwa au kuchomwa. Akayapigilia misumari chini ya boriti za gereji, mstari kwa mstari, ikawa kama dari. Juu ya mabanzi, katika nafasi iliyobaki kati ya boriti na boriti, akatandaza manyoya. Aliyatandaza vizuri, kwa mpango, akiyapapasa kwa kiganja. Kazi ilipokwisha aliitazama kutoka chini akaipenda. Na kwa kuwa aliipenda, akafanya haraka kuliko ilivyompasa. Alimkuta mtu anayekwenda Murang'a, akampa ujumbe: mwambie mahali pamepatikana. Mwambie baridi haitoki chini tena.

Usiku huo akavua viatu akakanyaga sakafu. Baridi ilikuwa palepale.

Alidhani ni mawazo. Akaweka kiganja, akaweka shavu. Mbao zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Hiram akaingiwa na hofu ya kweli sasa, maana ujumbe ulikuwa umekwenda na hauwezi kurudishwa. Mwanamke angefunga safari ya pili, angepanda ngazi, angevua viatu, na hapo yote yangekuwa yamekwisha. Hangemwamini tena.

Jumamosi mchana aling'oa ubao mmoja wa sakafu akaingiza mkono. Upepo ulikuwa unapita humo kwa raha zake. Manyoya yalikuwa yamelala chini kabisa, juu ya mabanzi, na kati yake na mbao za sakafu palikuwa na pengo la kuweza kupitisha paka. Huko mwisho, ambapo boriti ziliingia ukutani chini ya paa, palikuwa wazi kabisa. Upepo haukuwa na haja ya kupita gereji tena. Alikuwa ameutengenezea njia yake mwenyewe.

Hapo ndipo alipoelewa, akacheka peke yake kicheko kisicho na utamu. Alikuwa amejenga itara. Katika nyumba ya mama yake, kama nyumba ya mama wa Mkikuyu yeyote, juu ya mafiga palikuwa na itara, dari ya fito ambayo kuni hupangwa zikauke. Kuni hupangwa chini, juu yake huachwa nafasi, ili moshi na joto vipite vizuri. Mtoto hukua akiitazama itara kutoka chini amelala, mpaka mikono yake inajua kwamba kitu cha juu hutandazwa hivyo. Lakini chini ya itara kuna moto. Chini ya sakafu ya Hiram palikuwa na trekta. Mikono yake ilikuwa imemjengea mama yake nyumba, mahali ambapo mama hayuko na moto haupo.

Jumatatu akabandua mabanzi yote. Alikata fito za miwati kule bondeni, mbichi, zinazopindika. Kazi sasa ilikuwa kuyasukuma manyoya juu mpaka yaguse mbao, yazibane, kisha kukaza fito kati ya boriti na boriti ili yasianguke. Kazi hiyo inataka mikono minne. Hiram alikuwa na miwili, na kila aliposhika fito manyoya yalimwangukia usoni. Kipsang aliingia na trekta akamkuta juu ya pipa, akitema manyoya na kulaani kwa Kikuyu. Alizima injini. Akapanda pipa la pili, akainua mikono yake mirefu, akashikilia.

Walifanya hivyo jioni kadhaa. Hawakuzungumza sana. Kipsang aliuliza ni za nini hizo taabu, akaambiwa ni za mke. Akauliza mke yuko wapi, akaambiwa Murang'a. Watoto? Hiram alikaza fito kwanza. Alikuwako mmoja, alisema. Kipsang alinyamaza akaendelea kushikilia, na Hiram alimshukuru kwa hilo kuliko kwa mikono. Mwisho waliziba zile ncha za ukutani kwa magunia, wakapiga tope lililochanganywa na mavi ya ng'ombe, wakasimama chini wakitazama. Kipsang alikuwa na kichwa cheupe kwa manyoya.

"Mama akikataa kukaa hapa baada ya hii kazi," alisema, "mimi nitahamia."

Usiku huo Hiram alikanyaga mbao kwa miguu mitupu, akabaki amesimama hapo kama mjinga. Zilikuwa mbao tu. Hazikumwuma. Alilala bila koti. Jambo jingine aliligundua jioni iliyofuata, alipokaa kitandani kungoja mluzi. Mluzi haukuja. Alishuka akamkuta Kipsang anapiga mluzi kama kawaida, wimbo wake usiokwisha. Manyoya yalikuwa yameuzuia upepo na kila kilichosafiri nao. Hiram alipanda tena. Chumba kilikuwa na kimya cha kutisha kidogo, lakini alijikemea. Mtu hawezi kupewa kila kitu, na mke angekuja, na mke ana sauti.

Wachuka alikuja mwezi wa Agosti. Alipanda ngazi polepole, akishika magoti. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakanyaga, akasimama.

"Pana joto," alisema.

Hiram alikohoa. Alikuwa amejiandalia maneno mengi tangu stesheni, na yote yakakwama kwenye kikohozi hicho.

Basi akakaa. Siku za kwanza Hiram alitembea shambani kama mtu aliyepandishwa cheo. Alimpelekea Kipsang viazi vilivyopikwa na mkewe, na Kipsang akaleta maziwa. Lakini chumbani mambo hayakuwa hivyo. Walikula wakitazama sahani. Alimwambia shamba limefanya nini leo, naye akasema aha. Hawakuitana. Kitu kingine kilimsumbua Hiram, ingawa alijifanya hakioni. Wachuka alikuwa mtu wa kusuka viondo, vidole vyake havikuwahi kukaa bure tangu alipomwoa. Sasa kila alipopanda mchana alimkuta amekaa kitini, uso kuelekea mlango, mikono mitupu magotini. Na kila alipousukuma mlango, mwanamke alishtuka akainuka nusu, macho yamemtoka, kisha akakaa tena taratibu. Hiram alidhani ni ugeni wa mahali. Kwa siri alikuwa anamngoja aisifu sakafu tena.

Siku moja mchana alipanda akamkuta anafunga kiondo.

Alisimama mlangoni. Alitazama viatu vya mke wake vikiwa vimevaliwa tayari, na leso imekunjwa juu ya kitanda, na akajiona amerudi barabarani akiambiwa kifua, akiulizwa kama ana njaa.

"Ni magoti?" aliuliza.

"Magoti hayajambo."

"Ni baridi?"

"Si baridi. Sakafu umeitengeneza. Sijalala mahali pa joto hivi tangu nizaliwe."

"Basi nini?"

Wachuka aliufunga mkanda wa kiondo, akaufungua, akaufunga tena.

"Siku waliyokuchukua ulikuwa ukiranda," alisema. "Mimi nilikuwa jikoni, nasikia randa yako. Kisha nikawa sisikii. Nikafikiri umeenda kunywa maji. Nikaendelea kumenya viazi. Ile mara ya kwanza hapa nilikufa na baridi, lakini asubuhi nilikusikia. Sasa nakaa kutwa nzima sisikii kitu. Sijui kama uko huko chini au wamekuja wakakuchukua. Nangoja mlango ufunguke nijue anayefungua ni nani. Hilo ndilo siwezi."

Hiram alitaka kumwambia kwamba mambo yale yamekwisha, hakuna lori litakalokuja. Lakini pasi ilikuwa bado mfukoni mwake, na hakuwa mtu wa kuapa asiyoyajua. Alimwomba tu angoje kidogo, treni bado. Akateremka ngazi karibu aanguke.

Alivuta pipa chini ya boriti zilizokuwa juu ya meza yake ya kazi. Fito alizozikaza kwa uangalifu mkubwa sasa alizing'oa kwa mikono, moja baada ya nyingine, na manyoya yakamwangukia kichwani, mabegani, machoni. Alifungua nafasi ya kati ya boriti na boriti, hiyo moja, urefu wote, mpaka mbao za sakafu zikaonekana tena na mwanga mwembamba kwenye nyufa. Zingine hakuzigusa. Manyoya yaliyoanguka aliyashindilia katika gunia, akayapandisha juu, akaliweka gunia miguuni pa Wachuka, limefunguka mdomo.

Alitaka kumwambia tia miguu humo. Alitaka kumwita kwanza, kama mtu anavyomwita mtu kabla ya kumwambia jambo, na hakuwa na jina la kumwita. Akageuka akashuka.

Akachukua ubao wa mtarakwa uliokuwa wa mlango wa banda la kondoo, akaubana mezani, akaanza kuranda. Randa ikaruka. Akajituliza, akaanza tena. Huko juu, kupitia nafasi ile, sasa aliweza kusikia kila kitu. Alisikia viatu. Vilikwenda kitandani. Vilikwenda mlangoni. Mlango ulilia bawaba. Hiram aliendelea kuranda, macho kwenye ubao, na moyoni alikuwa anasema jambo lisilo na maneno. Viatu vilisimama mlangoni muda mrefu. Mlango ukalia tena. Kisha kikaburutwa kiti, polepole, kikapita sakafu yote, kikaja kusimama juu ya kichwa chake. Gunia nalo likaburutwa.

Randa ikaenda, ikarudi.

"Baba Wangeci."

Mikono ya Hiram ilikufa. Tangu walipomtoa mbele ya meza yake ya zamani hakuna kinywa kilichokuwa kimemwita hivyo.

"Usiache kuranda," sauti ilisema kutoka juu. "Ukiacha nitashindwa."

Akaranda. Na Wachuka akasema. Alisema kila kitu, bila kumwona, bila kuonekana, akizungumza na mbao. Nyumba waliyojengeshwa kijijini ilikuwa bado na tope bichi ukutani walipoambiwa waingie. Mtoto akaanza kukohoa. Amri ya kutotoka nje ikapigwa, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya mtaro, mtaro ambao yeye mwenyewe aliuchimba. Baridi ilitoka ardhini. Alimlaza mtoto kifuani, akaiweka miguu yake kati ya mapaja yake, akaisugua, na bado miguu ndiyo iliyotangulia kupoa. Wangeci aliuliza baba yuko wapi. Akamwambia yuko kazini, anaranda, ukisikiliza vizuri utamsikia. Mtoto akasikiliza. Alisikiliza kwa bidii, alisema Wachuka, kama mtoto anavyosikiliza akiambiwa hivyo, na katika kusikiliza akatulia, na yeye mama akadhani amelala.

Hiram aliranda. Machozi yalimdondokea kwenye ubao na randa ikayakata pamoja na mti. Hakumkatiza. Maranda yalijaa mezani, yakaanguka, yakamfika vifundoni, na harufu ya mtarakwa ikaijaza gereji ikapanda juu kwenye nyufa. Ubao ulizidi kuwa mwembamba. Ulipita unene wa mlango, ukapita unene wa sanduku. Wachuka alipomaliza na kunyamaza, Hiram aliendelea, maana hakuwa ameambiwa aache, na ubao ule haukufaa tena kwa kazi yoyote duniani.

Kutoka stesheni treni ya mchana ikapiga honi, ikapiga tena, kisha magurudumu yakaanza kuvuta polepole kuelekea Nakuru. Hiram aliweka randa chini. Aliinua uso kuelekea nyufa za mbao.

"Mama Wangeci," aliita.

"Mm."

"Treni imekwenda."

"Nimeisikia," alisema.

Hiram akautoa ubao ule, akabana mwingine.